Mwongozo kamili wa vazi la uzamiaji: kulinda joto la mwili chini ya maji

Mwezi wa saba Dodoma, alfajiri, upepo unavuma na kipimajoto kinaweza kushuka hadi nyuzi 14. Mtu mwenye sweta na mtandio shingoni anasimama kituoni nusu saa akisubiri gari, na hapati dhara lolote. Mtu huyohuyo akiingia kwenye maji ya nyuzi 24, maji ambayo ukichovya kidole utasema ni ya uvuguvugu, akakaa humo saa nzima na kaptula tu, atatoka anatetemeka na vidole vyake vitashindwa kufunga kifungo cha shati.

Maji hupitisha joto karibu mara 25 kuliko hewa. Tena hayapashiki kirahisi: ujazo uleule wa maji unahitaji joto zaidi ya mara 3,000 kuliko hewa ili upande kwa nyuzi 1. Hewa iliyo karibu na ngozi hupata joto upesi, ikatulia hapo. Maji huchukua, na huendelea kuchukua. Mwili uliotulia bila nguo huanza kupoteza joto kwenye maji yaliyo chini ya nyuzi 33 hivi, na maji ya kuzamia nchini kwetu yako chini ya hapo mwaka mzima.

Nauandika mwongozo huu kwa watu wa Dodoma na mikoa ya jirani ambao maji baridi yanawahusu kuliko wanavyodhani. Kuna vijana wa uokoaji wanaoitwa kwenye mabwawa na malambo. Kuna mafundi wanaokagua milango ya mabwawa. Kuna wanafunzi wanaokwenda kusoma nchi za baridi na kukuta huko watu wanazamia hata chini ya barafu. Na kuna wale ambao, tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma Julai 2024, wanaweza kuamua Ijumaa kwamba Jumamosi watakuwa chini ya bahari. Wote nawaambia jambo moja kabla ya mengine: vazi la uzamiaji halina joto lake. Joto lote ni lako, limetoka kwenye chakula ulichokula, na kazi ya vazi ni kulichelewesha lisiondoke. Ukishalishika hilo utaelewa kwa nini vazi la bei ndogo linalokukaa vizuri hulishinda la bei kubwa linalopwaya.

Mwongozo huu haukufundishi kuzamia. Kuzamia na mtungi kunataka mafunzo na cheti, na draisuti, nitakayoieleza mbele, inataka mafunzo yake ya ziada.

Hatua ya 1: Elewa kinachokuhifadhia joto

Wengi wameambiwa kwamba wetisuti, yaani vazi la mpira linalobana mwili, huingiza maji kidogo, mwili ukayapasha, na maji hayo ya moto ndiyo yanayomkinga mzamiaji. Maelezo haya yameenea mno, na yanawafanya watu wanunue vazi lisilowafaa. Maji hayakingi baridi, kwa sababu tumeona yanavyopitisha joto. Kinachokinga ni gesi iliyofungwa ndani ya mpira.

Mpira huo unaitwa neoprini. Ulitengenezwa katika maabara za DuPont nchini Marekani mwaka 1930, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanafizikia Hugh Bradner wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akautumia kutengeneza vazi la wazamiaji. Alichong'amua ni kwamba si lazima mzamiaji awe mkavu ili asipate baridi. Inatosha azungukwe na tabaka la viputo vya gesi. Chukua sponji ya kuoshea vyombo na kandambili, uvitumbukize ndooni. Sponji inakunywa maji kwa sababu vitundu vyake vimeungana. Kandambili inaelea na kutoka karibu kavu kwa sababu kila kiputo kimefungwa peke yake. Neoprini ni ya jamii ya kandambili, na ndani ya viputo vyake kwa kawaida mna naitrojeni.

Maji yanayoingia kati ya vazi na ngozi, basi, ni hasara unayoivumilia. Yakiwa machache na yakatulia, unayapasha mara moja tu. Yakiwa yanaingia na kutoka, unayapasha upya kila mara. Piga hesabu hii: lita 1 ya maji ya nyuzi 15 ikiingia mgongoni na mwili ukaipandisha hadi nyuzi 30, umetoa kilojuli 63 hivi. Mwili uliotulia huzalisha takriban wati 100, yaani kilojuli 6 kwa dakika. Lita hiyo moja imekugharimu joto la dakika kumi nzima. Ikitoka ukaingiza nyingine, unaanza upya. Hesabu hii ndiyo ninayotaka uibebe kichwani unapojaribu vazi dukani.

Jambo la pili ni kina. Juu ya maji mgandamizo ni atmosfia 1, mita 10 chini ni 2, na mita 30 ni 4. Gesi hupungua ujazo kwa kadiri hiyo: kiputo kilichokuwa kizima juu hubaki nusu kwenye mita 10 na robo kwenye mita 30. Mpira wenyewe haubanwi, kwa hiyo vazi halinywei kwa kiasi kilekile, lakini kwenye mita 30 linaweza kubaki na nusu ya unene wake au pungufu. Baridi inapozidi ndipo kinga inapopungua. Kwa hesabu ya karibu, mtu wa kawaida aliyevaa vazi la unene wa mm 5 kwenye maji ya nyuzi 20 hupoteza wati 180 hivi akiwa karibu na uso wa maji. Vazi likibanwa likawa nusu, upotevu unakaribia wati 360. Ndiyo maana vazi linalotosha kuogelea ufukweni halitoshi kwa mzamo mrefu wa kina, hata kama maji ni yaleyale.

Hatua ya 2: Pima maji ya chini

Usichague vazi kwa joto la hewa wala kwa maji ya juu. Kwenye maziwa na mabwawa jua hupasha tabaka la juu, na ukishuka mita chache unaweza kukutana na mpaka ambapo baridi inaanza ghafla. Kompyuta ya kuzamia, ile inayovaliwa mkononi, hupima joto, lakini uokoaji hauna nafasi ya kuzamia kwanza ndipo uchague nguo. Njia ya bei nafuu ni hii: funga jiwe kwenye chupa, izibe kwa kizibo chenye kamba yake, ishushe hadi kina unachokitaka, vuta kizibo, isubiri ijae, ipandishe haraka, kisha chomeka kipimajoto. Kushusha kipimajoto kitupu na kukivuta juu kunakudanganya, kwa kuwa kinabadilika kikipanda.

Ili uwe na picha: maji ya Zanzibar na Mafia huwa nyuzi 25 au 26 mwezi wa saba na wa nane, na hufika 29 hivi Februari na Machi. Ziwa Tanganyika ni la ajabu, kwa sababu hata chini kabisa maji yake yako juu kidogo ya nyuzi 23. Cape Town ni kati ya 10 na 15. Kwenye ufa wa Silfra, Iceland, wazamiaji huingia maji ya nyuzi 2 hadi 4 kila siku ya mwaka.

Mabwawa yetu ya kati yanataka tahadhari nyingine kabla ya baridi. Mtera ina mamba na viboko. Maji baridi yasiyo ya chumvi, ya malambo na mabwawa, yanaweza kuwa na kichocho, na wetisuti haizuii kichocho kwa sababu maji yanafika kwenye ngozi. Vazi jipya lijaribie kwenye bwawa la kuogelea la hoteli lisilopashwa moto. Mwezi wa sita au wa saba, bwawa hilo litakufundisha vya kutosha.

Hatua ya 3: Chagua unene

Maji ya nyuzi 27 na zaidi, mm 3 zinatosha watu wengi. Kati ya 22 na 26, vaa mm 5. Kati ya 16 na 21, vaa mm 7 pamoja na kofia. Kuanzia 15 kushuka, fikiria draisuti. Viwango hivi ni vya mtu wa wastani anayezamia mara moja kwa siku. Mwembamba, mzee, aliyetoka kuugua, au anayefanya kazi ya kutulia kama kupiga picha au kukagua ukuta, apande ngazi moja. Anayezamia mara tatu kwa siku naye apande, kwa sababu joto unalopoteza asubuhi halirudi lote kwa saa moja ya kukaa juani.

Utakutana na mavazi yanayosifiwa kuwa na utando wa metali ndani wa kurudisha joto mwilini. Usilipe ziada kwa ajili hiyo. Majini joto halitoki kwa mionzi kwa kiasi cha maana. Linatoka kwa kugusana na maji na kwa maji kutembea. Pesa hiyo iweke kwenye mshono mzuri na kofia.

Hatua ya 4: Ukubwa, na hapa usiwe na haraka

Kama unaagiza kutoka mbali, nenda kwa fundi cherehani yeyote mwenye futi kamba akupime akiwa mwangalifu: urefu bila viatu, kifua, kiuno, nyonga, shingo, kifundo cha mkono, kifundo cha mguu, na urefu kutoka bega hadi kwenye msamba. Kipimo hicho cha mwisho husahaulika sana, na ndicho kinachoamua kama vazi litakuvuta mabega au litaacha mfuko wa maji tumboni. Linganisha na jedwali la mtengenezaji husika. Usitegemee herufi za M na L, kwani kila kiwanda kina M yake.

Vazi likishafika, livae na ulikague hivi. Simama wima, mwambie mwenzako apitishe kidole kwenye uti wa mgongo sehemu ya kiunoni. Hapo ndipo panapoacha nafasi kwa watu wengi, na kila unapopiga mapezi ya miguuni nafasi hiyo hufunguka na kujifunga, ikisukuma maji baridi juu na chini. Kagua kwapani, kwenye msamba na nyuma ya magoti. Pasiwe na mfuko wa hewa popote. Kisha chuchumaa, inua mikono juu ya kichwa, vuta pumzi ndefu mara tano. Kifua kikikataa kujaa, ni dogo mno. Vazi linalobana kifua linachosha na kuleta hofu chini ya maji. Shingoni likubane kiasi cha kuingiza kidole kimoja bila kukukaba. Mpira mpya hulegea kidogo ukilowa, kwa hiyo linalokaa kwa raha kabisa likiwa kavu litapwaya baadaye.

Mishono nayo ina siri yake. Mshono bapa, unaoonekana pande zote mbili, umetobolewa na sindano kila baada ya milimita chache na kila tundu ni mlango wa maji; unafaa kwa mm 3 za maji ya bahari yetu. Kwa maji ya baridi tafuta mshono uliogundishwa kwanza kwa gundi, kisha ukashonwa kwa sindano isiyotokea upande wa pili. Ndiyo sababu nakuomba usipeleke wetisuti iliyochanika kwa fundi wa nguo za kawaida, hata awe hodari vipi: sindano yake itaitoboa ikitokeza. Mchaniko mdogo unazibwa kwa gundi maalumu ya neoprini, ukipakwa pande zote mbili, ukaachwa ukauke kidogo, ndipo ukabanwa.

Ukiikuta wetisuti ya mtumba, bonyeza kwa kidole gumba sehemu ya magoti na kifua kisha uachie. Neoprini nzima hurudi mara moja. Iliyochoka hubaki na shimo, maana viputo vyake vimepasuka, na hata ikiandikwa mm 5 inakukinga kama mm 2. Ikunje uangalie nyufa. Nyingi za mitumba pia ni za wapanda mawimbi, zilizotengenezwa laini ili mikono izunguke, na hubanwa haraka zaidi mtu akishuka kina.

Hatua ya 5: Kichwa, mikono na miguu

Inasemwa kwamba nusu ya joto hutokea kichwani. Si kweli, kichwa ni karibu sehemu ya kumi tu ya ngozi yote. Lakini mishipa ya kichwani haijibani kwenye baridi kama ya vidole, kwa hiyo pale joto linaendelea kutoka wakati kwingine mwili umeshafunga. Kofia ya neoprini ya mm 5 yenye shingo ndefu inayoingia ndani ya kola inazuia pia maji kumwagika mgongoni, na ile lita tuliyoihesabia mwanzoni mara nyingi huingilia hapo. Kama una pesa ya kuongeza kitu kimoja tu, ongeza kofia.

Vidole vikipoa huwezi kufungua kishikizo cha mkanda wala kubonyeza kitufe, kwa hiyo glavu ni kifaa cha usalama. Mm 3 kwa nyuzi 18 hadi 22, mm 5 chini ya hapo. Pindo la glavu liingie chini ya mkono wa vazi, na buti ziingie chini ya mguu wa vazi.

Hatua ya 6: Draisuti kwa maji ya nyuzi 15 kushuka

Hapa maji hayaingii kabisa. Draisuti ni mfuko mmoja wenye zipu isiyopitisha maji na pete laini za lateksi, silikoni au neoprini shingoni na mikononi. Ganda lake, hasa lile la kitambaa cha tabaka tatu, halikingi baridi lenyewe. Kinga ni nguo za ndani na hewa iliyonaswa ndani yake. Vaa kwanza nguo nyembamba inayofyonza jasho na kulisukuma nje, kisha vazi nene la manyoya ya sintetiki. Pamba iache nyumbani. Ikilowa jasho inashikilia maji ubavuni mwako.

Unaposhuka, mgandamizo huminya hewa ya ndani na vazi linakubana kwa mikunjo inayouma. Vali ya kifuani, iliyounganishwa na mtungi, inaongeza hewa kidogo kidogo. Unapopanda, hewa inatanuka na kutokea kwenye vali ya begani kushoto. Hatari kubwa ni hewa kukimbilia miguuni: miguu inakuwa juu, vali iko chini, hewa haitoki, na mzamiaji anapaa kwa kasi bila uwezo wa kuizuia. Kujigeuza haraka kutoka hali hiyo ni zoezi muhimu katika mafunzo ya draisuti, na lazima ulifanye kwenye bwawa na mwalimu mpaka mwili wako ulijue wenyewe.

Wazamiaji wa kina kirefu wanaovuta mchanganyiko wa gesi wenye heliamu hawajazi vazi kwa mchanganyiko huo, kwa sababu heliamu hupitisha joto karibu mara sita kuliko hewa. Wanabeba kichupa kidogo cha hewa au cha gesi ya agoni. Na wale wa kazi za viwandani, wanaofanya kazi saa nyingi wakiwa wameunganishwa na meli kwa mirija, huvaa mavazi yanayosukumiwa maji ya moto kutoka juu. Hayo ndiyo pekee ambayo maji kweli hupasha, kwa sababu moto wake unatoka kwenye boila.

Kuna pia vizibao vya umeme vya betri. Majaribio ya Jeshi la Maji la Marekani yaliyochapishwa 2007 yalionyesha kwamba mzamiaji aliyepata joto akiwa chini kisha akapoa wakati wa kupanda alikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa mgandamizo, yaani naitrojeni iliyoyeyuka mwilini kugeuka viputo mtu anapopanda, kuliko aliyepoa kidogo chini na kupashwa wakati wa kupanda. Damu inapofika misulini kwa wingi inapeleka naitrojeni nyingi. Mishipa ikijibana baadaye, naitrojeni hiyo inakosa njia ya kutoka. Kizibao kinachoishiwa betri wakati wa kupanda kinakuweka hasa kwenye mtego huo. Kitumie nusu ya mwisho ya mzamo, si mwanzo.

Hatua ya 7: Rekebisha risasi

Vazi la mm 5 lina ujazo wa karibu lita 9, na sehemu kubwa ya hizo ni gesi inayokuinua. Ndiyo maana mzamiaji huvaa mkanda wa vipande vya risasi. Pima ukiwa na vifaa vyote, mtungi ukiwa karibu kuisha, jaketi la hewa likiwa tupu: ukishika pumzi ya kawaida, maji yafike machoni, ukiitoa, uzame taratibu. Ukihama kutoka baharini kwenda maji yasiyo ya chumvi, punguza kilo 2 au 3. Ukishuka kina, vazi likibanwa utakuwa mzito kuliko ulivyokuwa juu, na utalipa kwa kuongeza hewa kwenye jaketi kidogo kidogo.

Hatua ya 8: Kula, vaa, ingia

Kula saa mbili kabla: uji mzito, viazi, ugali, chochote chenye wanga unachokizoea. Kunywa maji ya kutosha, kwa sababu mwili uliozama kwenye baridi husukuma damu kifuani na figo huitikia kwa kutoa mkojo mwingi. Mzamiaji aliyekaukiwa maji mwilini anaweza kupata ugonjwa wa mgandamizo kirahisi zaidi. Pombe hufungua mishipa ya ngozi na kumwaga joto. Hakuna kipimo chake kinachofaa siku ya kuzamia.

Maelekezo ya nje yatakwambia uvae mfuko wa plastiki mguuni ili vazi liteleze. Kwetu mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019. Soksi nyembamba ya nailoni inafanya kazi hiyohiyo. Vuta kwa vidole tambarare, si kwa kucha. Panda kutoka vifundoni, magotini, msambani, na uhakikishe msamba umekaa mahali pake kabla hujapandisha kiwiliwili. Jua la mchana likiwa nyuzi 30, vaa nusu tu na ufunge zipu dakika za mwisho, maana mpira uliofungwa juani unaweza kukuangusha kwa joto kabla hujaona maji.

Ukiingia maji ya chini ya nyuzi 15, dakika ya kwanza pumzi itakukimbia. Mshtuko huo ni wa mwili na hauna uhusiano na uoga. Shikilia kamba au boti, regyuleta, kifaa cha kupumulia, ikiwa mdomoni, subiri pumzi itulie ndipo ushuke. Ukiwa chini tembea polepole. Kila harakati kubwa huchota maji ndani ya vazi.

Hatua ya 9: Jua wakati wa kukatisha

Kutetemeka mara moja moja ni onyo. Kutetemeka usikoweza kukuzuia ni amri ya kupanda. Mwoneshe mwenzako ishara ya baridi, mikono imepishana kifuani ikisugua mabega, na mzamo uishe hapo bila mabishano. Angalia pia vidole vinavyokosea vitufe, na akili inayosoma kipima hewa mara mbili bila kuelewa. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35 mtu ameingia kwenye hatari, na akiacha kutetemeka ilhali bado yuko baridi na anaongea ovyo, hali imezidi kuwa mbaya.

Mtoe majini akiwa amelala, usimtembeze. Mvue vilivyolowa, mkaushe kwa kufuta bila kusugua, mfunike kwa mablanketi, weka chupa za maji ya vuguvugu zilizofungwa kitambaa kifuani na kwapani. Akiwa na fahamu timamu mpe chai ya sukari. Usimpeleke kwenye maji ya moto. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Hata aliye mzima avue vazi lililolowa mara moja. Upepo wa Dodoma ni mkavu, na kila gramu 100 za maji zinazokauka kwenye vazi lako zinachukua kilojuli 240 hivi. Si zote zinatoka mwilini, lakini sehemu inayotoka kwako inatosha kukutetemesha ukiwa umekaa juani. Beba koti la mvua au joho pana la kuvaa juu ya vazi kwenye boti.

Hatua ya 10: Safari ya kurudi Dodoma

Jambo hili sijaona likielezwa kwa watu wa huku, nalo ni zito. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Miongozo ya Divers Alert Network, shirika la usalama wa wazamiaji, ya kusubiri kabla ya kupanda ndege imepangwa kwa mwinuko wa ndani ya ndege wa kuanzia mita 600 hivi hadi 2,400, na Dodoma imo humo. Kwa mwili uliojaa naitrojeni, kiti cha treni kinachokupandisha mita 1,100 kwa saa chache kinafanya kazi ileile ya ndege. Basi subiri angalau saa 12 baada ya mzamo mmoja usiohitaji kusimama njiani wakati wa kupanda ili kutoa naitrojeni, na angalau saa 18 ukizamia mara nyingi au siku kadhaa. Ukitoka majini ukiwa umepoa sana, ongeza. Mzamo wa Jumapili asubuhi na treni ya Jumapili jioni havipatani. Zamia Jumamosi, Jumapili kula samaki na kupumzika.

Anayezamia Mtera, iliyo karibu mita 700 juu ya bahari, atumie kompyuta inayotambua mwinuko au majedwali ya maji ya milimani.

Hatua ya 11: Tunza vazi

Lisuuze kwa maji safi ndani na nje, na kama ulikojoa humo, kama wengi wanavyofanya, tumia sabuni ya maji isiyo kali. Likaushe kivulini, ndani kwanza. Jua letu hukausha mpira na kuutia nyufa. Litundike kwenye henga pana au ulikunje kwa kuliviringisha. Usiliwekee mzigo juu, kwani viputo vilivyobanwa miezi mitatu havirudi. Chumba chini ya bati la kiangazi si mahali pake.

Pete za lateksi zipake poda isiyo na manukato. Mafuta ya mgando na ya nazi huzila. Tafuta tundu la draisuti kwa kuziba mikono kwa chupa na shingo kwa mpira wa miguu, kuijaza hewa kupitia vali, kisha kuipaka povu la sabuni. Povu litachemka pale penye tundu. Zipu za shaba zisugue kwanza kwa mswaki mkavu kutoa vumbi, kisha uzipake nta ya nyuki upande wa nje, ambayo wafugaji nyuki wa Singida na Manyoni wanayo kwa wingi. Zipu za plastiki hazitaki nta. Zinataka grisi ya silikoni mwishoni, pale kitelezi kinapofungia.